Kaole, Jirani ya Bagamoyo

Idi ikifika, vijana wetu wa Kibaha na Kisarawe hukimbilia Bagamoyo, kwenye mchanga mweupe na mahoteli ya pwani. Wachache huteremka hadi Kaole, kilomita tano hivi kusini yake. Hapo pana magofu ya misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya Waislamu yenye nguzo za mawe, ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Watalii hulipa kiingilio kuyatazama. Sisi wenyewe twapita bila hata kuwatolea salamu waliolala humo. Nayo Kaole ilikuwa bandari, hata mikoko ikaifunga, biashara ikahamia Bagamoyo. Bagamoyo nayo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, wakaiacha mwaka 1891, wakaenda Dar es Salaam.