Ngazi ya Kilomita: Chimbuko la Safari Ndefu za Baiskeli Nchini Ufaransa

Mbio za Paris–Brest–Paris za mwaka 1891, zilizoandaliwa na Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal, zilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,200, na Charles Terront alizishinda kwa saa 71 na dakika 22. Hata hivyo ushindi huo, ingawa uliyatangaza sana matairi ya Michelin, haukumwonyesha karani wala seremala namna ya kuufikia umbali kama huo. Namna hiyo ilitoka Italia, ambako mwezi Juni 1897 kundi la waendesha baiskeli lilikwenda kutoka Roma hadi Napoli, kilomita 230, kabla jua halijatua, na likaitwa Audax, yaani majasiri kwa Kilatini. Mwaka 1904 Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, aliuhamishia mtindo huo Ufaransa, akawa anatoa cheti kwa kila aliyemaliza kilomita 200 ndani ya muda uliowekwa, bila kujali nani alitangulia.

Mwanzoni wasafiri walikwenda kwa pamoja nyuma ya nahodha aliyeshikilia mwendo mmoja. Klabu ya Audax Club Parisien iliponyang'anywa na Desgrange ruhusa ya kuendesha safari hizo mwaka 1921, ilianzisha zake za mwendo huru, ambapo kila mtu hujipimia kasi yake mradi kadi yake igongwe muhuri katika vituo vya ukaguzi kwa wakati. Hapo ndipo ilipokuja kukamilika ngazi inayofuatwa hadi leo: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27 na 600 kwa saa 40. Anayetaka kushiriki Paris–Brest–Paris, ambayo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne na kwa kawaida hukomea saa 90, hana budi kuzimaliza zote nne katika mwaka huohuo. Tofauti kati ya hatua hizi si ya kilomita tu, kwani safari ya 400 humlazimisha mtu kukesha barabarani, akitegemea taa yake na chakula alichobeba kwa kuwa maduka yamefungwa, na ile ya 600 humtaka aamue, pengine kwa mara ya kwanza, alale wapi na kwa muda gani.

Mafunzo ya mwili yalikuwa yametangulia vyeti. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeanzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887, alihimiza kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu, kupumzika kwa muda mfupi na kutumia gia za kubadilisha milimani. Desgrange alizibeza gia hizo, na Tour de France haikuziruhusu hadi mwaka 1937, wakati watalii wa baiskeli walikuwa wamezizoea kitambo. Mbio za kulipwa za Paris–Brest–Paris zilifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1951. Safari ya ridhaa, iliyoanza mwaka 1931, ingali inaendelea.