Nyumba za Ng'ambo na Ghorofa za Michenzani

Mji wa Unguja, tangu zama za masultani, ulikuwa miji miwili iliyotengwa na maji. Upande wa magharibi, juu ya rasi ya Shangani, ulisimama mji wa mawe wenye nyumba za ghorofa na milango ya nakshi. Upande wa mashariki, ng'ambo ya hori, walikaa wasio na mawe. Upande huo ukaitwa Ng'ambo, na jina hilo halikubadilika hata baada ya hori lenyewe kufukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini, na daraja lake kubaki jina tu, Darajani. Wageni walioandika habari za Unguja walimimina wino mwingi juu ya mji wa mawe, wala hawakuwa na zaidi ya mistari michache kwa Ng'ambo. Nao huo ndio uliokuwa mji wa watu walio wengi.

Waliojenga huko walikuwa mchanganyiko wa kila namna: mabaharia na wavuvi, wachukuzi wa bandarini, Wangazija, Wamanyema, Washihiri, na zaidi ya wote watumwa waliopata uhuru wao, hasa baada ya sheria ya mwaka 1897. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali ya matajiri wa mji wa mawe, na nyingine ilikuwa wakfu. Hapo kwanza mtu aliruhusiwa kujenga bila ya kutozwa kitu, kwa kuwa mwenye ardhi alipendelea heshima ya kuwa na watu kuliko kupata senti chache. Kwa hiyo jambo moja lilikuwa la kawaida Ng'ambo ambalo mgeni huliona la ajabu: nyumba ilikuwa ya mtu huyu, na ardhi iliyosimamia ilikuwa ya mtu yule.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa boriti za mikoko na fito zilizofungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo, zikapakwa chokaa na kuezekwa makuti. Waliojaliwa waliezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa, na baadaye kwa mabati. Mbele palikuwa na baraza. Ndani palikuwa na ukumbi uliokwenda moja kwa moja hadi nyuma, na vyumba kulia na kushoto, na mwisho wake ua wenye jiko, choo, na mara nyingi mti mmoja wa kivuli. Mgeni wa kiume alikomea barazani. Wanawake walipitia uani, nao waliweza kuzunguka nusu ya mtaa kumzuru mzazi au mgonjwa pasipo kukanyaga njia kuu. Mtu akifa, maiti huoshwa uani, wanawake hukaa ndani, wanaume hukaa barazani na nje chini ya turubai, na jirani wa kushoto hufungua mlango wake ili nyumba mbili ziwe moja. Vyumba vilivyozidi vilipangishwa, na kodi yake ndiyo iliyokuwa riziki ya wajane na wazee. Si wachache kati ya wenye nyumba waliokuwa wanawake. Katika nyumba ya namna hiyo huko Ng'ambo ndipo Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na kuja mjini kutafuta riziki, alipokutana usiku na wenziwe kupiga taarabu, kabla na baada ya sauti yake kunaswa katika santuri huko Bombay mwaka 1928.

Mwaka huo huo wa 1928 ulikuwa na habari nyingine. Bei ya ardhi ilikuwa imepanda, na wenye ardhi wakaanza kudai kodi ya kiwanja ambayo maskini hakuiweza. Wenyeji wa Ng'ambo walikataa kulipa. Hawakukataa kwa ulevi wa ukaidi: walikumbuka kwamba baba zao walikaribishwa pale bure, na kwamba wao wenyewe ndio walioufanya msitu na matope kuwa mji. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwani aliyezipigania fito zake mara moja hazioni kuwa takataka.

Serikali ya Kiingereza, kwa upande wake, iliziona hivyo muda mrefu. Mtaalamu Lanchester aliandika mpango wa mji mwaka 1923, na katika miaka ya 1940 nyumba kadha wa kadha ziliondolewa na eneo la Raha Leo likapata majengo yake ya serikali. Mengi yaliyobaki yalikuwa makaratasi, kwa sababu fedha hazikutosha na kila kiwanja kilikuwa na wenyewe wa aina mbili wa kuridhishwa.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliondoa kizuizi hicho. Ardhi yote ikawa ya serikali, na kodi ya kiwanja, iliyoliza watu miaka arobaini, ikafutika. Lakini kwa kufutika kwake, mwenye nyumba naye alibaki na kuta tu mikononi, na serikali ikawa na uwezo wa kuamuru mtaa mzima uhame. Ujerumani ya Mashariki, iliyokuwa rafiki wa mwanzo wa serikali mpya, ilisaidia kujenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani; na mwaka 1968 mtaalamu wake, Hubert Scholz, akaandaa mpango wa mji mpya. Rais Abeid Amani Karume alitaka kikubwa zaidi, na upesi zaidi. Palipokuwa Michenzani, mahali palipoitwa kwa michenza, zilichorwa barabara mbili pana zinazokatana, na kando yake zikapangwa ghorofa ndefu, kila moja kiasi cha mita 300, kama ukuta usio na mwisho. Iliazimiwa zijengwe nyumba zipatazo 7,000, na Ng'ambo yote ya udongo itoweke.

Nia hiyo haifai kubezwa. Makuti huvuja na kushika moto, udongo huliwa na mchwa, na maji ya bomba yalikuwa ya kugombaniwa mtaani kwa ndoo. Kumpa mchukuzi nyumba ya saruji yenye taa, choo cha ndani na jiko, tena bila ya kodi, ni jambo ambalo masultani na Waingereza hawakuliwaza hata kwa ndoto. Watu walijitolea nguvu zao katika ujenzi, na wako waliofanya hivyo kwa moyo safi.

Kasoro ilikuwa hii: wenyeji hawakuulizwa. Nyumba zilivunjwa kwa kufuata mstari wa barabara, na aliyevunjiwa aliahidiwa nyumba ghorofani. Ghorofa moja huchukua miaka kujengwa, bali nyumba ya udongo huvunjwa asubuhi moja. Basi watu wakatawanyika kwa jamaa na pembezoni mwa mji kungoja. Mjane aliyekuwa na vyumba vinne vya kupangisha, alipopewa nyumba moja ya kukaa, alikuwa amepewa makao na kunyang'anywa riziki. Huyo katika hesabu za serikali aliandikwa miongoni mwa waliofaidika.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Ujenzi uliendelea chini ya Aboud Jumbe, kisha ukalegea, karafuu zikashuka bei, na fedha zikakatika. Zilizokamilika hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa nyumba elfu moja na ushei. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo saruji ilipokuwa ikimwagwa Michenzani, nyumba za mawe zilizotwaliwa upande wa pili wa Darajani zilikosa hata fundi wa kuziba paa, na nyingi zikaporomoka. Mji ulikuwa ukivunjwa huku kwa mikono na kule kwa mvua.

Walioingia ghorofani walipata maisha mapya kwa tabu. Maji yalikosa nguvu ya kupanda juu, nayo yakachukuliwa kwa ndoo kama zamani, safari hii kwa ngazi. Ua haukuwapo. Jiko la makaa lilitiwa penye hewa kidogo, na moshi ukazipaka kuta. Mgonjwa wa ghorofa ya juu aliteremshwa kwa kubebwa. Mauti nayo hayakuandikwa katika ramani: jeneza lilipaswa kupinda katika kona za ngazi, na msiba uliozoea nyumba tatu na uwanja ukabanwa katika sebule moja. Hata hivyo wengi hawakutaka kuondoka, na watoto waliozaliwa humo hawakujua nyumba nyingine.

Mji Mkongwe ulipata mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985, na mwaka 2000 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ng'ambo haikuandikwa humo. Ilihesabiwa kuwa ukingo wa kuulinda mji wa mawe usiharibiwe mandhari yake. Ilikuwa katika miaka ya 2010 tu, wakati wa mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ndipo maofisa walipozunguka mitaani na madaftari, wakiwauliza wakazi mahali gani wanapapenda na kwa sababu gani. Kwa wakati huo fito nyingi zilikuwa zimekwisha kwa njia nyingine kabisa: wenyewe wamejenga kwa matofali, na wajukuu wakaongeza ghorofa juu ya ukumbi wa bibi.

Na chini ya zile ghorofa ndefu za Michenzani, ambazo mchoro wake haukuwa na mahali pa kukaa mtu nje, wakazi walijitengenezea vibaraza. Kimoja kati ya hivyo, Kisonge, kilikuwa maskani mashuhuri ya siasa, na ubao wake wa maandishi ukasomwa na kila apitaye.