Mgandaji na Mgandwa

Juni 2020 Phoebe Bridgers, mtunzi na mwimbaji wa roki ya indi kutoka Pasadena, California, alitoa albamu yake ya pili, Punisher. Ukilifuata jina hilo kwenye kamusi utapata “mwadhibu”, na mawazo yatakwenda kwa hakimu, kiboko na jehanamu. Huko siko. Kwa wanamuziki wa Marekani, mtu wa namna hiyo ni shabiki anayemkuta msanii baada ya onyesho, akaanza kusimulia, akasimulia, asitambue kwamba mwenzake ameshachoka na anatafuta upenyo wa kuondoka. Hana ubaya wowote. Amependa kupita kiasi.

Tendo hilo Kiswahili kinalo siku zote: kumganda mtu, na akizidi tunasema amemganda kama ruba. Kazi iko kwenye kumpa mtendaji jina. “Mganda” haliwezekani, ni mtu wa Buganda, tena ni fungu la nyasi zilizofungwa. Mimi nachagua “mgandaji”. Ile -ji ya mwisho hubeba mazoea: msomaji hakusoma mara moja akaacha, na mgandaji hali kadhalika.

Ninalipigania neno hili kwa sababu ya wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu. Bridgers hawalalamikii mashabiki wake. Anamuwaza Elliott Smith, mtunzi aliyefariki Los Angeles mwaka 2003, yeye Bridgers akiwa na umri wa miaka 9, na anakiri kwamba lau wangekutana, yeye ndiye angemganda. Neno ambalo wasanii hulitumia wakinung'unika nyuma ya jukwaa amejivika mwenyewe. Tafsiri ya “mwadhibu” inaua ungamo hilo lote: mwadhibu ana mamlaka juu ya mtu, ilhali mgandaji yuko chini, anaomba dakika moja zaidi.

Kuhusu “indi” sina mengi. Chati ya rekodi za indi ilipoanza Uingereza mwaka 1980, kigezo kilikuwa usambazaji usiopitia makampuni makubwa. Sauti ya gitaa haikuulizwa. Kwa hiyo tafsiri ya “roki huru” inapotosha, na “roki ya kujitegemea” inasema kweli. Punisher ilitoka chini ya Dead Oceans, lebo ya kujitegemea.

Mzizi wa ganda unatupa pia “mgandwa”, yule anayegandwa. Albamu hii ilipowania Grammy mwaka 2021, Bridgers alistahili majina yote mawili.