Lambo Dogo la Cloud Creek

Mto ukifurika watu huulaumu mto. Lakini maji yanayoua watu bondeni huanza safari yake mbali, juu vilimani, katika shamba la mtu.

Habari hizi zatoka Oklahoma, katika nchi ya Marekani. Mwaka 1892 serikali iliwafungulia walowezi nchi ya Wacheyenne na Waarapaho. Nyasi zilizoshika udongo tangu kale zikapinduliwa kwa plau, na pamba na ngano zikapandwa hata penye miteremko. Tangu hapo mvua haikunywewa na ardhi tena, bali iliteremka mbio ikichukua udongo. Mwezi wa Aprili 1934 Mto Washita ulifurika ghafula karibu na mji mdogo wa Hammon, na watu 17 wakafa.

Wako waliosema kwamba dawa ni ukuta mkubwa chini mtoni. Wengine walishikilia kwamba maji yazuiwe kwanza huko yatokako. Mwaka 1944 ikatolewa sheria ya kuzuia mafuriko, na bonde la Washita likawa miongoni mwa mabonde 11 yaliyochaguliwa. Julai 1948 lambo la kwanza likamalizika katika kijito cha Cloud Creek, karibu na Cordell.

Lambo hilo ni tuta la udongo ulioshindiliwa. Ndani yake limepita bomba litoalo maji polepole, ili mto usijazwe kwa mara moja. Pembeni pana mfereji mpana wenye majani, nao hupitisha maji yakizidi. Kwa maana maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulikata.

Lakini tuta peke yake halitoshi. Mashamba ya juu yasipotunzwa, udongo hushuka ukalijaza lambo. Kwa hiyo wakulima walitakiwa walime kwa kukingamisha mteremko, wakarudishe majani mahali palipochoka.

Leo Oklahoma ina malambo ya namna hii zaidi ya 2,000. Mengi yalikadiriwa kudumu miaka 50, na mwaka 2000 ilibidi itolewe sheria nyingine ya kuyatengeneza yaliyochakaa. Basi kazi ya lambo haiishi siku ya kulifungua. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.