Nani Mlowezi wa Makanya? Nasaba, Namba na Neno

Swali la nasaba, likiulizwa Makanya wilayani Same, hupata majibu ya namna mbili. Aliye na asili ya mlimani, Upare ya juu, huwataja mababu mmoja mmoja hadi mbari yake. Aliyezaliwa tambarare, kando ya reli na mashamba ya mkonge, aghalabu humfikia babu aliyekuja kukata mkonge, na hapo hesabu hukoma.

Nasaba za mlimani zimepata mtafiti wake. Isaria Kimambo, katika historia yake ya siasa za Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, aliyategemea masimulizi ya wazee, likiwamo lile la Washana, wahunzi waliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Tambarare haikubahatika hivyo.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safarini. Mwaka huohuo ilianza kujengwa reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima ya Upare. Nguvukazi ilitafutwa kwa shuruti: katika Usambara jirani, tangu mwaka 1907, kipande kilimlazimisha mwananchi kumtumikia mzungu siku 30 katika kila miezi minne.

Katika maandishi yetu, mlowezi ni huyo mzungu mwenye shamba. Lakini neno lenyewe latokana na kitenzi *lowea*, yaani kuhamia mahali na kuwa mwenyeji. Je, Mjerumani alilowea? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walimfukuza, mali yake ikanadiwa kama mali ya adui, na mashamba mengi yakaangukia mikononi mwa Wagiriki na Wahindi. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1925. Vita vya pili vikamwondoa tena. Hata hivyo jina lake limo katika majalada ya Kijerumani yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Aliyelowea ni kibarua: Mnyamwezi, Muha, Mbena, Mmakonde. Huyu aliitwa *manamba*, kwa sababu alipoandikishwa alipewa namba. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kumwajiri, SILABU. (Neno hilo leo ni tusi katika vinywa vya wengi; nimewaona wajukuu wakilikwepa.) Kwa hiyo anayeutafuta ukoo wa namna hii asianze na kuuliza, "Babu yako alikuwa nani?" Aulize alitoka na nani, aliandikishwa wapi, kwa jina lipi, maana jina la orodhani si lazima liwe lile aliloitwa na mama yake. Kisha aulize alifikia kambi gani, na nani walikuwa jirani zake humo. Wajukuu wa jirani hao huenda bado wanakumbuka alikuwa akiimba kwa lugha gani.