Usitishaji wa ukuaji: kiwavi ndani ya bua kavu

Pasua bua la mahindi karibu na mizizi mwezi wa Februari, katika shamba la Rongo au Kuria, kaunti ya Migori, lililovunwa kisha likaachwa. Ndani ya tundu lenye vumbi la kinyesi huenda ukamkuta kiwavi mnene, mweupe wa kuelekea waridi, mwenye kichwa cha hudhurungi. Mguse, atajikunja polepole, basi. Huyo ni Busseola fusca, mtoboa mabua, na hali aliyomo wanasayansi huiita dayapozi.

Wengi huieleza kwa neno usingizi. Mimi nashikilia usitishaji wa ukuaji, kwa kuwa kusita na kusitisha ni mambo mawili. Juu kwenye Mlima Kenya, ambako barafu huja usiku na jua hurudi asubuhi, wapo fukusi wanaoganda gizani na kutembea tena kukipambazuka. Hao wamesita tu: baridi imewazuia, joto limewaachilia. Kusitisha kunahitaji amri, na amri hiyo hutolewa na homoni za mdudu mwenyewe kabla hali haijaharibika. Busseola huipata dalili kwenye chakula: bua likikomaa protini hupungua, naye kiwavi aliyekwisha kukua huahirisha kugeuka pupa. Anaweza kukaa hivyo miezi 6 au zaidi.

Migori na Homa Bay tishio ni kiangazi. Ulaya ni barafu, lakini mbinu ni ileile. Mtoboa mahindi wa huko, Ostrinia nubilalis, naye husitisha ukuaji akiwa kiwavi ndani ya bua, ila yeye husoma kufupika kwa siku. Mwili wake hulimbikiza gliseroli, kwa hiyo hata maji yaliyo nje ya seli yakiganda, seli zenyewe husalimika. Nondo wa hariri husitisha akiwa yai. Vipepeo kadhaa husubiri wakiwa pupa, na majike ya baadhi ya mbu wa Ulaya hujificha mapangoni wakiwa wamekomaa kabisa. Kwa kawaida kila spishi ina hatua yake. Kiwavi wa Busseola hawezi kuazima ya mwenzake.

Kinachoiondoa amri ya kusitisha kwa Busseola ndicho kinachomhusu mkulima: maji. Mvua za Machi zikilowesha mabua, kiwavi hugeuka pupa, na baada ya wiki mbili hivi nondo huruka, wakati mahindi mapya yameanza kutoa majani ya kutagia mayai. Watoboa mabua wamechunguzwa kwa miaka mingi katika kampasi ya ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, huko Mbita, iliyopewa jina la Thomas Odhiambo, aliyeiasisi taasisi hiyo mwaka 1970. Mabua yaliyosimamishwa kuwa ua huwahifadhi viwavi hadi mvua. Yakilazwa juani wiki kadhaa, wengi hufa kwa joto. Yakikatwakatwa kuwa malisho ya ng'ombe Januari, nondo wengi hawatatoka.