Wajibu Kinywani mwa Haramia

Robert Louis Stevenson alipoanza kuitoa Treasure Island kwa mfululizo katika gazeti la vijana la Young Folks, mwaka 1881, akijisitiri kwa jina la Captain George North, neno wajibu lilikuwa limekwisha kukolea masikioni mwa Waingereza. Nelson alilipandisha kwa bendera milingotini huko Trafalgar, mwaka 1805, akiwakumbusha mabaharia wake yale ambayo nchi iliyataraji kwao. Visa vya riwaya ni vya karne ya 18, kabla ya vita hivyo. Wasomaji wake wa mwanzo ni wa baada yake.

Mtu wa kulitamka kwa madaha ni Long John Silver. Kwanza yuko Bristol, kwenye kilabu chake cha pombe. Haramia aliyetambuliwa na kijana Jim Hawkins amekwisha kuponyoka. Silver anatangaza kuwa wajibu hauna hiari, anatwaa kofia, na kwenda kumwarifu Bwana Trelawney. Mara ya pili yuko merikebuni, na Jim amejibanza ndani ya pipa la matufaha. Linazuka suala la kuwafanya nini mabwana wenye safari. Silver anaitoa kauli ile ile, kwa uzito ule ule, kisha anapiga kura yake: wauawe.

Kisiwani, baharia Tom anashawishiwa kuasi. Anajibu kwamba bora apoteze mkono kuliko kuuacha wajibu wake, anampa Silver mgongo na kwenda zake. Silver anamvurumishia mkongojo wa mgongoni, kisha anammaliza kwa kisu.

Nahodha Smollett hulitumia neno hilo kwa ubahili. Redruth, mtumishi mzee, anapokufa kwa risasi, nahodha anamliwaza Trelawney kuwa hakuna hofu juu ya mtu aliyeuawa akitimiza wajibu kwa nahodha na mwenye chombo. Anakiri kwamba huenda wanazuoni wa dini wasiipokee hoja hiyo. Gray, aliyewatoroka waasi, anaahidiwa jina lake kuandikwa katika daftari la safari.

Mfasiri anayeitia kazi hii katika Kiswahili, kama walivyofanya Frederick Johnson na E. W. Brenn katika Kisiwa Chenye Hazina, ana mtego hapa. Kiswahili kina wajibu, kina faradhi, kina zamu. Inashawishi kumpa Smollett neno zito na kumwachia Silver jepesi. Ila Stevenson hakugawa hivyo. Ameliandika neno kwa matamshi ya kibaharia anaposema Silver, na kwa matamshi hayo hayo anaposema Tom. Muuaji na muuawa wanalitamka sawasawa. Mfasiri akiwatenganisha, amekwisha kutoa hukumu ambayo mwandishi aliizuia.

Mwishoni Silver anajileta mbele ya Smollett na kusema amerejea kwenye wajibu wake. Nahodha anaguna tu, basi. Katika bandari ya kwanza waliyotia nanga, Silver anatoroka na mfuko mmoja wa sarafu.